Mpira sebuleni bila dishi: kabla ya bando, nunua antena

Usiku wa tarehe 3 Juni 2023 Yanga walikuwa Algiers kurudiana na USM Alger, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Chumbani kwangu Tabata Kimanga tulikuwa watu wanane. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, chupa ya chai iko juu ya ndoo iliyofunikwa, na sisi tumebanana kitandani na mkekani kama abiria wa daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mechi ya kwanza, hapa nyumbani, Yanga walikuwa wamefungwa 2-1, kwa hiyo kila mpira uliovuka nusu ya uwanja tuliusindikiza bila kupumua. Mara saluni ya kunyoa iliyo ng'ambo ya barabara ikalipuka: "Goooo!" Kwenye simu yetu mwamuzi alikuwa bado hajapuliza hata filimbi ya penalti. Tukanyamaza, tukasubiri kuona kile tulichokwisha kukisikia. Muda si mrefu Djuma Shaban akaukwamisha mpira wavuni, na chumbani hakuna aliyeruka.

Saluni ilikuwa na dishi. Sisi tulikuwa na bando.

Mechi yenyewe tuliiona mpaka mwisho. Yanga wakashinda 1-0 na kombe wakalikosa kwa goli la ugenini. Ila ile sekunde ya goli, ambayo ndiyo tuliyokuwa tumekusanyikia, ilitupita. Mtu anaweza kuyasoma matokeo asubuhi gazetini, lakini kukaa na watu wako na kupigwa na goli wote kwa mpigo mmoja hakusomeki popote. Tangu siku hiyo nina msimamo nitakaoutetea hapa: familia ya Dar es Salaam isiyo na dishi imeaminishwa kwamba mbadala wa dishi ni simu, wakati mbadala wake ni antena. Simu ni tairi la akiba.

Kwanza tuelewane kuhusu wasio na dishi, maana wanasemwa vibaya, kana kwamba ni wabahili. Wengi wao ni wapangaji. Mama mwenye nyumba wangu nilipomwomba ruhusa ya kufunga dishi aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, ukuta huo nimepaka rangi juzi tu, na bati la upande wako linavuja. Fundi akipanda hapo, mvua yote itakuwa kwako." Alikuwa na haki. Mpangaji anayehama kila baada ya mwaka au miaka miwili analipa fundi kila anapohama: kung'oa, kusafirisha, kufunga upya, kutafuta setilaiti upya, na mara nyingi kununua kebo mpya kwa sababu ile ya zamani imekatwa ikabaki ukutani.

Wa ghorofani wana tatizo jingine, la dira. Dishi halichagui pa kutazama. Azam wanarusha kupitia setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, na sisi Dar tuko kwenye nyuzi 39, kwa hiyo dishi lao hapa mjini lazima lielekee magharibi. Kama baraza lako Upanga au Kariakoo linatazama baharini na hukuruhusiwa kupanda darini, umekwisha. DStv wako nyuzi 36, karibu kabisa na juu ya vichwa vyetu, na ndiyo maana madishi yao hapa jijini yamelala chali kama sahani iliyoanikwa. Yanahitaji anga wazi juu, na baraza la ghorofa ya pili lina baraza la ghorofa ya tatu juu yake.

Halafu kuna masika. Mawimbi ya setilaiti yanayoingia kwenye madishi haya madogo ni ya masafa ya juu sana, gigahezi 11 mpaka 12, na matone makubwa ya mvua huyanyonya. Aliyewahi kuangalia mechi mwezi wa Aprili anaijua hali hiyo: picha inavunjika vipande, inaganda, kisha maandishi yanakuambia hakuna mawimbi. Kwa hiyo hata mwenye dishi hana raha ya mwaka mzima.

Sasa huyu asiye na dishi ameambiwa nini? Ameambiwa apakue programu. Azam wana AzamTV Max, DStv wana yao, StarTimes wana yao. Ni kazi nzuri za kiteknolojia na sizibezi; zimewaokoa walinzi wa usiku, madereva, wauguzi walio zamu, na wanafunzi wa hosteli. Kwa mtu mmoja aliye safarini simu haina mpinzani. Shida inaanza tunapoigeuza kuwa runinga ya nyumba.

Nilikaa na daftari nikafanya hesabu, na naomba uifanye na wewe kwa bei ya mtandao wako. Mechi pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza hula kama dakika 115. Picha ya kawaida, ile inayotosha kwenye kioo cha simu, huhitaji megabiti 1.5 hivi kwa sekunde. Hiyo ni GB 1.3 kwa mechi moja. Ukitaka picha safi ya kurusha kwenye TV ya inchi 32 kwa waya wa HDMI, unahitaji kama megabiti 5 kwa sekunde, na hapo mechi moja inakula GB 4.3. Tuseme MB moja inakugharimu shilingi 2. Mechi ya picha ya kawaida ni shilingi 2,600, na ya picha safi ni 8,600. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kwa hiyo timu yako inacheza mechi 30 kwa msimu. Picha ya kawaida kwa msimu mzima ni shilingi 78,000. Picha safi ni 258,000. Na hapo bado hujalipia kifurushi cha programu yenyewe, hujaangalia Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani wala mechi za Afrika, na mtoto hajaomba simu aangalie katuni.

Shilingi 258,000 ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa huku uswahilini. Ndiyo maana vijana wengi, wakiwa na simu kubwa mfukoni, bado wanakwenda kulipa kiingilio cha kibanda umiza na kukaa kwenye benchi la mbao katika joto. Wanaijua hesabu hii kwa vitendo. Mwenye faiba isiyo na kikomo hesabu yake ni tofauti, na namwambia aendelee, ingawa faiba hiyo haijafika mitaa mingi ninayoizungumzia.

Lakini hata angekuwa na faiba, goli la jirani lingemkuta. Hili la kuchelewa watu wengi hulilaumu kwa "mtandao kuwa chini", na si sahihi. Setilaiti iko kilomita 36,000 juu yetu, na mawimbi kwenda huko na kurudi hutumia robo sekunde tu. Kwenye intaneti, picha ya uwanjani hukatwa kwanza vipande vidogo vya sekunde kadhaa kila kimoja, vipande vinapakiwa kwenye seva, vinasambazwa, kisha simu yako hungoja vipande vichache vikusanyike ndipo ianze kuonyesha, ili mtandao ukiyumba isikatike. Kila hatua ina foleni yake. Ukijumlisha, nusu dakika imekwenda, wakati mwingine zaidi, hata kama kasi yako ni nzuri kuliko ya mtaa mzima. Kwa tamthilia hakuna atakayejua. Kwa mpira wa Simba na Yanga katika jiji ambalo ukuta wako ni ukuta wa jirani, nusu dakika ni mechi nyingine.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo vizazi kadhaa vya Dar viliujua mpira kwa masikio, kupitia Redio Tanzania (RTD), na redio ilimfikia kila mtu mtaani kwa wakati mmoja. Mpaka leo redio ndiyo inayowahi kuliko vyote. Mjomba wangu akija kuangalia mpira kwenye simu huwa namwomba aizime redio yake ya mfukoni, maana akiiacha wazi uso wake unatuambia kila kitu kabla hakijatokea.

Kuna na udhaifu mwingine ambao tulionyeshwa waziwazi tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo, Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwetu, upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanguka. Tanzania tuliumia zaidi ya majirani. Jioni ileile Arsenal walikuwa Old Trafford wakiwania ubingwa, wakaifunga Manchester United 1-0 kwa goli la Trossard. Mashabiki wa Arsenal wa Dar waliotegemea simu waliona duara likizunguka. Mpira ulikuwepo hewani muda wote, kwa yeyote aliyekuwa na njia ya kuupokea isiyopita chini ya bahari.

Ndipo naifikia antena, na najua wengi watakunja uso. Neno lenyewe linatukumbusha chenga, kuipigapiga TV ubavuni, na mtoto kutumwa nje azungushe mti huku watu wakipiga kelele dirishani. Chenga zile zilikwisha Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa, sisi tukiwa jiji la kwanza nchini. Antena ya leo inapokea mawimbi ya dijitali kutoka mnara wa ardhini: picha ama ipo safi ama haipo. Masafa yake ni ya chini sana ukilinganisha na ya setilaiti, megahezi mia tano na kitu, na mvua ya masika hayaihisi. Haihitaji kutoboa ukuta. Ukihama, unaibeba mkononi kwenye bajaji. Na ikishaingia, watu wanane au thelathini wanaangalia kwa gharama ileile ya mtu mmoja, ambalo ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu sisi mpira hatuangalii peke yetu.

Ya kwangu ilifungwa na kijana mmoja wa mtaani kwenye mti wa mkangazi uliosimikwa kwenye debe la zege, nje ya dirisha. Nilikuwa nimenunua Kariakoo antena yenye kikuza mawimbi, muuzaji akiniapia kwamba bila hicho sitapata kitu. Siku mbili picha ilikuwa inakatikakatika. Kijana alipokuja akaingia kwenye menyu ya kisimbuzi, akanionyesha mistari miwili. "Kaka, huu wa juu ni nguvu, huu wa chini ni ubora. Nguvu yako imejaa mpaka inamwagika, ubora hamna. Uko karibu na mnara, hicho kikuza mawimbi ndicho kinakuvuruga." Akakichomoa. Kisha akatoka nje akaishika antena, mimi nikabaki kwenye kioo.

"Imekamata?"

"Bado!"

"Sasa?"

"Thelathini... arobaini... sabini! Hapohapo, usiiguse!"

Mstari wa chini ukasimama. Alichofanya kabla ya yote, na ambacho ningependa kila anayefunga mwenyewe akifanye, ni kutazama antena za majirani zimeelekea wapi. Bure kabisa, na inaokoa saa nzima.

Siidai antena kuwa haina kasoro. Kimara, Goba na Mbezi kuna mabonde ambayo mnara hauyaoni, na huko utaongeza urefu wa mti mpaka uchoke. Chaneli zake ni chache kuliko za dishi. TV nyingi mpya zina king'amuzi ndani yake na zitakuletea chaneli za wazi bila kisanduku chochote, lakini mechi nyingi ziko kwenye chaneli za kulipia, kwa hiyo kisimbuzi utanunua. Vipo vya StarTimes na vipo vya Azam, na kila kimoja kinafungua cha kwao tu. Kabla hujatoa pesa, muulize wakala chaneli ya mechi unayoitaka iko kwenye kifurushi kipi cha antena, maana orodha ya antena na ya dishi si moja hata kwa kampuni ileile. Uliza pia kama wanauza kifurushi cha wiki au cha siku. Kwa mtu wa kipato cha kutwa, hilo ni kubwa kuliko wingi wa chaneli.

Umeme nao ukikatika TV imezimika na simu inaendelea. Hiyo ndiyo siku ya tairi la akiba.

Kuna njia ya nne ambayo wengi wanaitumia na lazima niiseme: zile linki zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram dakika kumi kabla ya mechi. Nyingine ni mchezo wa kompyuta uliopewa kichwa cha mechi ya kweli, na maelfu ya watu wanasubiri hapo wakidhani ni laivu. Nyingine inakutaka upakue programu kutoka nje ya duka la simu yako, simu ileile yenye pesa zako. Lakini hata ile inayofanya kazi mimi siitaki, kwa sababu ya klabu ndogo. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF, shirikisho la soka nchini, mkataba wa miaka 10 wa haki za Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, wastani wa zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Simba na Yanga wana wadhamini na mashabiki wa kuwabeba. Timu ya mkoani ambayo uwanja wake hujaa siku mbili tu kwa msimu inalipia basi, hoteli na mishahara kwa sehemu yake ya fedha hizo. Anayeangalia kwa linki ya wizi anawaangalia wachezaji hao hao wakicheza bila kulipwa.

Kwa hiyo sina ugomvi na mpira kulipiwa. Ninachodai ni kwamba njia ya antena ipewe uzito wake. Makampuni yanatangaza dishi na programu za simu kwenye kila bango la Morogoro Road, na kisimbuzi cha antena unakisikia kwa fundi. Chaneli ya mpira wa nyumbani ingekuwa kwenye kifurushi cha chini kabisa cha antena, nyumba nyingi za Manzese, Tandale na Gongo la Mboto ambazo leo hazilipi chochote zingelipa kidogo kila mwezi. Ni wateja ambao bando haliwezi kuwaleta.

Na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana sehemu yao. Wamewahi kuingilia kati kwa nguvu: mwaka 2018 visimbuzi vya dishi vya Azam, DStv na Zuku vilizuiwa kubeba chaneli za ndani zisizolipiwa kwa sababu leseni zao hazikuruhusu, na wenye madishi wakajikuta hawaoni ITV wala Channel Ten huku wa antena wakiendelea. Nguvu hiyohiyo ningependa kuiona ikielekezwa kwenye timu ya taifa. Uingereza, ambao Ligi Kuu yao inauzwa ng'ambo kwa fedha nyingi kuliko ligi nyingine yoyote, wana orodha ya matukio chini ya Sheria ya Utangazaji ya 1996: Kombe la Dunia, Kombe la Mataifa ya Ulaya, fainali ya Kombe la FA. Hayo hayawezi kufungiwa kwenye chaneli ya kulipia peke yake. Lazima vituo vya bure vipewe nafasi. Ni watu haohao ambao Jumamosi saa tisa alasiri huzuia mechi zao zisionyeshwe laivu nchini mwao ili viwanja vijae, wakati sisi Dar tunaziangalia, saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kwa saa zetu, kutegemea msimu. Wafanyabiashara wakubwa kabisa wa mpira, na bado wametenga ya biashara na ya wananchi.

Taifa Stars ni ya wananchi. Tarehe 2 Agosti 2025 waliifunga Burkina Faso 2-0 kwa Mkapa kufungua CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na wakaenda mpaka robo fainali. Uwanja ule unaingiza watu 60,000, jiji lina mamilioni. Mechi ya Stars iwe inaonekana antenani hata kama kifurushi kimeisha, na iwe kanuni yenye orodha yake, isitegemee nani amenunua nini msimu huu.

Tarehe 25 Juni 2025, Jumatano, ile dabi ya Simba na Yanga iliyoahirishwa Machi ikachezwa. Tulikuwa kumi na mmoja chumbani, TV ya inchi 32 juu ya kabati, mlango wazi. Mama mwenye nyumba, Simba wa kuzaliwa, alikuja na kigoda chake na kikombe cha chai ya tangawizi. Bila goli mpaka kipindi cha pili, mwamuzi akaonyesha penalti, Pacôme Zouzoua wa Yanga akauweka mpira chini. Nilijikuta nasikiliza upande wa saluni. Kimya. Akapiga, na kelele zetu na za ng'ambo ya barabara zikatoka kwa pumzi moja, mpaka chai ya mama ikamwagika kwenye kanga.